Kusadikika kwa Mara ya Nne

Nimesoma Kusadikika mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa Kabambare, mwenye miaka 12. Mjomba alikileta kitabu kutoka Kigoma, pamoja na vitenge vyake vya biashara. Jioni nilimsomea bibi, ambaye anasema Kibangubangu na Kiswahili chetu lakini kusoma hajui. Nilipofika kwenye nchi iliyo angani akauliza: "Mjukuu, huko iko barabara?" Nilicheka. Yeye alishatembea kwa miguu hadi Kasongo wakati wa mvua, alijua anachouliza.

Mara ya pili na ya tatu nilisomea Kasongo, kwa raha tu. Mwisho niliujua, lakini Karama aliposimama mbele ya mfalme bado nilimwogopea.

Mara ya nne nilisomea chuoni, kalamu mkononi. Shaaban Robert alikitoa mwaka 1951, na jina lenyewe ni somo: sadiki, kisha -ik-, kauli ya kutendeka. Kinachosadikika chaweza kusadikiwa; kauli hiyo haimtaji anayesadiki. Niliandika kurasa tatu juu ya kiambishi hicho, nikapata alama nzuri. Raha ya hadithi sikuipata hata kidogo.

Likizo nikarudi Kabambare. Kabla sijatua mfuko, bibi akasema: "Lete kile kitabu. Yule kijana walimfungua ao bado?"

Miaka 12 alikuwa akingoja. Anayesadiki nilikuwa nimemwacha nyumbani. Nikaketi, nikaanza tena ukurasa wa kwanza.