Silikoni Inatoka Kwenye Kioo, Jina la Fundi Je?

Wadau, kuna staa (jina kapuni) kamwanika mtandaoni fundi wa mtaani kwetu Keko, eti kamharibia paa la vioo vinavyojisafisha. Kisa? Alama za silikoni. Tangu ile posti, simu ya fundi haiiti.

Jamani, silikoni inatoka! Vioo hivyo, ambavyo Pilkington wa Uingereza waliviingiza sokoni 2001, vina utando mwembamba wa titaniamu dayoksaidi: jua linavunja uchafu, mvua inausomba. Silikoni inauziba tu. Chukua kitambaa laini na spiriti, jaribu pembeni kwanza, futa taratibu, suuza kwa maji. Wembe na stilwaya ndo vinavyoua utando.

Kwa hiyo bosi, futa kioo, kisha ufute na posti. Mwenzio anasomesha.