Korintho, Mji wa Bahari Mbili

Jina la Korintho tumelizoea, maana nyaraka mbili za Mtume Paulo kwa watu wa mji huo husomwa kanisani mara kwa mara. Lakini wengi hudhani ya kuwa mji wenyewe ulikwisha kufa zamani, kama Babeli. Sivyo. Korintho u hai hata leo, nao ni mji wa kiasi tu katika nchi ya Uyunani, wenye watu wapatao 30,000, kando ya bahari, mwendo wa kilomita 80 hivi magharibi ya Athene.

Kwanza tutazame mahali pake. Kusini mwa Uyunani iko nchi pana iitwayo Peloponnese, iliyozungukwa na bahari karibu pande zote. Imeshikamana na bara kwa shingo nyembamba ya nchi kavu, na Korintho u karibu na shingo hiyo. Kwa hiyo mji wa zamani ulikuwa na bandari mbili: Lekayo upande wa magharibi, na Kenkrea upande wa mashariki. Mabaharia waliogopa kuizunguka Peloponnese kwa ajili ya dhoruba. Basi mizigo ilipakuliwa upande mmoja ikavushwa kwa nchi kavu hata upande wa pili. Vyombo vingine vilikokotwa vyenyewe juu ya njia iliyotandikwa mawe. Kaisari Nero alianza kuchimba mfereji mwaka 67, lakini kazi ikakoma. Ulimalizika mwaka 1893, baada ya kazi ya miaka 11. Urefu wake wapita kilomita 6 kidogo, na chini upana wake wapata mita 21 tu, hata meli kubwa za siku hizi haziwezi kupita.

Biashara ya bahari mbili iliutajirisha mji, lakini utajiri haukuulinda. Mwaka 146 K.K. Warumi waliuteketeza, ukawa ukiwa karibu miaka 100, mpaka Julio Kaisari alipouanzisha upya mwaka 44 K.K. Huo mpya ndio Paulo aliouona. Mwaka 1858 tetemeko la nchi likauangusha, na watu wengi wakahamia pwani, wakajenga mji mwingine. Mwaka 1928 tetemeko likauangusha huo nao, wakajenga tena palepale.

Mahali pa zamani pamebaki kijiji na magofu, chini ya mlima Akrokorintho wenye kimo cha mita 575. Nguzo 7 za hekalu la kipagani zingali zimesimama. Nazo zilikuwa za kale tayari siku za Paulo. Kiko pia kiti cha hukumu sokoni, ambapo wengi husema ndipo Paulo aliposimamishwa mbele ya Galio. Tena mwaka 1929 lilionekana jiwe la sakafu lenye jina la Erasto, aliyelitandika kwa mali yake mwenyewe. Wengine husema ndiye Erasto atajwaye katika Waraka kwa Warumi. Wengine wana shaka.

Lakini ukitafuta katika magofu hayo kanisa la siku za Paulo, hutaliona. Ndugu wale hawakuwa na jengo. Walikutana nyumbani mwa watu. Paulo alikaa mwaka mmoja na miezi sita, akishona hema pamoja na Akila na Prisila, akifundisha. Kanisa lao lilikuwa jamaa za watu.

Na kanisa hilo halikutikiswa na nchi, bali na ugomvi. Walijigawanya kwa majina ya walimu wao, wakashtakiana mbele ya mahakimu, na wenye mali wakala wakishiba huku maskini wakikaa na njaa. Kwa hiyo Paulo, akiwa Efeso, aliwaandikia. Hata hivyo, karibu na mwisho wa karne ile ya kwanza, kanisa la Roma likalazimika kuwaandikia tena, kwa kuwa walikuwa wamewaondoa wazee wao katika kazi. Ugonjwa ulikuwa ule ule.

Basi, ndugu walimu, na ninyi wenye nyumba, hapo ndipo pa kutuonya. Watu wa Korintho wameujenga mji wao mara kwa mara, kwa maana ukuta ulioanguka huonekana, na kila mtu huja na jiwe lake. Bali nyumba ambayo watu wake hawasemezani yaweza kusimama miaka mingi, imepakwa chokaa, na jirani asijue kwamba imekwisha kuanguka.

Mlango wa 13 wa waraka ule wa kwanza, uhusuo upendo, twapenda kuusikia siku ya arusi. Tukumbuke kwamba haukuandikiwa bibi arusi na bwana arusi, bali watu waliogombana. Jioni moja usomwe nyumbani, wakiwapo wote, hasa yule ambaye hamjasemezana naye tangu juzi.