Australia: mtaa gani unafaa watoto?

Familia ikipata safari ya Australia, swali la kwanza huwa: tuende Sydney au Melbourne? Mimi naomba tuanze na watoto.

Ile nchi ni kubwa mno. Sydney hadi Perth ni karibu kilomita 4,000 kwa barabara. Kama mna ndugu kule, mtajeni mapema kwenye mahojiano, maana mara nyingi familia hupelekwa karibu na ndugu zao. Wasio na mtu hupangiwa mji. Wakongo wengi wako Logan, kusini mwa Brisbane. Wengine wako Toowoomba, mji wa mlimani kama kilomita 125 kutoka Brisbane, na wengine Albury na Wodonga, kwenye mto Murray. Miji midogo kodi mara nyingi ni nafuu, ila basi ni za shida.

Kabla ya kusaini karatasi za nyumba, tembeeni mtaa kwa miguu. Shule iko umbali gani? Watoto wageni wanasaidiwa Kiingereza? Mama naye, atafikaje kwenye masomo yake ya Kiingereza, ambayo ni ya bure? Lugha ikigoma, mkalimani wa simu yupo, namba 131 450, na Kiswahili kipo.

Nyumba ndogo karibu na shule inashinda kubwa iliyo mbali. Masomo huanza mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, basi chagueni vizuri tangu mwanzo. Kumhamisha mtoto katikati ya mwaka ni kumkata tena marafiki, na hawa wetu wameshahama vya kutosha.