Mtoto akiharisha, usimnyime maji

Saa kumi alfajiri, mtoto wa miezi tisa alikuwa ameshabadilishwa nepi mara sita. Kinyesi kilikuwa maji matupu. Alikuwa ametapika mara mbili, na sasa alilala begani kwa mama yake bila kulia sana, jambo ambalo mama alidhani ni nafuu.

Ilikuwa Novemba, msimu wa korosho, katika kijiji kimoja cha Newala juu ya nyanda za Makonde. Mama huyo, mwenye miaka 23, alikuwa ametoka Masasi wiki moja kabla kuja kuwasaidia wakwe zake kuokota korosho. Mumewe alikuwa amelala ghalani akilinda magunia yaliyosubiri mnada. Nyumbani walikuwa watatu tu: yeye, mtoto na mama mkwe.

Bibi alimchukua mjukuu, akamfungua mdomo na kupitisha kidole kwenye fizi za juu.

"Mwanangu, haya ni meno ya plastiki," alisema. "Unaona palivyovimba? Kukikucha tumpeleke kwa fundi ayatoe. Na maji usimpe. Ukimpa maji, unaongeza kuhara."

Mama hakujibu. Mkwe habishiwi, hasa ukiwa nyumbani kwake na amekupokea vizuri. Lakini alitoka uani, akampigia simu dada yake aliyeko Masasi.

"Mdogo wangu, usimpeleke huko," dada alisema. "Mnyonyeshe sasa hivi, halafu nendeni zahanati. Mwambie mama kwa heshima, lakini nendeni."

Imani ya meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita meno ya nailoni, imesikika sehemu nyingi za Tanzania tangu miaka ya 1980. Mtoto akipata homa au akiharisha katika umri wa kuota meno, fizi hukaguliwa, na uvimbe mweupe unapoonekana husemwa kuwa ndio ugonjwa. Kwa kweli uvimbe huo ni jino changa la kawaida ambalo halijatokeza. Anayeling'oa, mara nyingi kwa chombo kisichochemshwa, humwacha mtoto na kidonda, na mtoto anaweza kuvuja damu, kupata pepopunda au maambukizi mengine. Kuhara kunabaki palepale, na saa ambazo zingetumika kumnywesha zimeshapotea.

Mtoto mdogo huharisha zaidi kati ya miezi 6 na miaka 2 si kwa sababu ya meno, bali kwa sababu ya yale yanayotokea katika umri huohuo. Anaanza kula uji na kunywa maji, anatambaa, na kila anachokiokota anakitia mdomoni.

Juu ya Newala, maji yana historia yake. Ardhi ya nyanda hizo ni ya kichanga na hunywa mvua upesi. Mto Ruvuma unaonekana bondeni, lakini juu hakuna mito. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mradi wa kusukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha juu, na familia nyingi huchimba visima vya kuhifadhi maji ya mvua yanayotoka kwenye bati. Ifikapo Novemba, visima hivyo viko tupu au vina maji ya chini kabisa. Kisha mvua ya kwanza hushuka na vumbi na vinyesi vya ndege vya miezi yote ya kiangazi. Maji yanapokuwa ya kununua kwa ndoo, kunawa mikono huwa jambo la kwanza kupunguzwa.

Kulipopambazuka, mama alizungumza na mkwe wake. Hakumwambia kwamba amekosea. "Mama, naomba kwanza tupitie zahanati wampime. Tukitoka huko tutazungumza." Bibi alinyamaza kidogo, kisha akachukua kanga yake. Bodaboda iliwabeba wote.

Zahanati, muuguzi alimwamkia bibi kwanza, ndipo akamtazama mtoto. Macho yalikuwa yamedidimia. Alipolia, machozi yalikuwa machache. Utosi ulikuwa umebonyea. Muuguzi alifinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuiachia, na ngozi ikarudi taratibu badala ya kurudi mara moja. Kisha akamsogezea kijiko cha maji, na mtoto akakidaka kwa pupa.

"Huyu ana kiu," alisema. "Anayekunywa hivi tunaweza kumsaidia hapahapa. Ningeogopa zaidi kama angekataa."

Akachanganya pakiti ya ORS, ile dawa ya chumvichumvi, akampa mama kikombe na kijiko. Mtoto alipewa kijiko kimoja kila baada ya dakika moja au mbili. Alipotapika, walisubiri dakika 10, wakaanza tena polepole zaidi. Wakaa hapo kwa saa nne. Katikati alinyonya.

ORS haizuii kuhara papo hapo, na ndiyo maana wazazi wengine huiona haifanyi kazi. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi vinavyopotea, kwa kuwa kinachomuua mtoto anayeharisha ni kukaukiwa. Sukari iliyomo huisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo na kuingia mwilini, na maji huifuata. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya dripu wakati wa kipindupindu. Alichanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, akawaambia ndugu wawanyweshe wagonjwa. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Kwa mtoto anayetibiwa nyumbani, kipimo ni hiki. Soma pakiti kwanza, maana nyingi huchanganywa na lita moja ya maji safi lakini zipo za nusu lita. Maji yakizidi au yakipungua, dawa inaharibika. Chini ya miaka 2, mpe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo. Kuanzia miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mchanganyiko ukimaliza saa 24, umwage. Kama pakiti haipo, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa hutiwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Vidonge vya zinki huenda pamoja na ORS kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10 kwa siku, mkubwa zaidi ya hapo miligramu 20. Hufupisha ugonjwa na kupunguza uwezekano wa kurudi. Mtoto aendelee kunyonya na kula. Dawa za kufunga tumbo zisitumike kwa watoto, na antibayotiki isinunuliwe dukani kwa kubahatisha, kwa kuwa kuhara kwingi kwa watoto hutokana na virusi.

Kirusi kimojawapo kina chanjo. Chanjo ya rota ilianza kutolewa Tanzania mwaka 2013, na ni matone ya mdomoni katika wiki ya 6 na ya 10. Tazama kadi ya kliniki kama yamejazwa.

Si kila tumbo ni hatari. Mtoto mchanga anayelia sana jioni, ambaye wengi husema ana mchango, kwa kawaida huzidi karibu na wiki ya 6 na kupoa kati ya mwezi wa 3 na wa 4. Abebwe wima na acheulishwe. Asipewe dawa za mizizi wala maji ya dukani, kwa kuwa hadi miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu. Kucheua maziwa kidogo huku anaongezeka uzito si ugonjwa. Anayenyonya tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikitoka laini hana tatizo.

Lakini usingoje kukiwa na damu kwenye choo, matapishi ya kijani, tumbo lililovimba na kuwa gumu, homa kali, degedege, au mtoto aliyelegea, asiyeweza kunywa, au asiyekojoa kwa saa 6. Mtoto wa chini ya miezi 2 anayeharisha apelekwe siku hiyohiyo.

Mchana, pale zahanati, mtoto alikojoa. Nepi iliyolowa mkojo haijawahi kufurahiwa hivyo. Baadaye alinyoosha mkono kutaka kikombe.

Bibi alikuwa amekaa kimya kwenye benchi muda wote. Muuguzi alipotoka, alizungumza bila kumtazama mkwewe.

"Kabla ya mume wako, nilikuwa na mtoto mwingine. Aliharisha hivihivi. Niliambiwa nisimpe maji, nikamnyima. Alikuwa anautazama mtungi."

Mama alitafuta la kusema, akakosa. Akamsogezea mtoto.

"Mama, mkono wangu umechoka. Naomba umnyweshe."

Bibi akampakata mjukuu na kuchukua kijiko. Alimnywesha kijiko kimoja kimoja, bila haraka, hadi kikombe kikaisha. Kisha akauliza kama dawa hiyo inabaki, aende nayo nyumbani.