Jamani, Kwa Nini Mnauza?

Kazi ya uhariri ina ubaya wake mmoja. Ukishaifanya miaka kumi, mtu akikuandikia barua ya kurasa tatu kuhusu mume wake, ukifika aya ya pili umeshajua kuna kitu anakificha. Juu kasema Machi alisafiri, chini anasema Machi alikuwa mgonjwa. Unapiga mstari mwekundu, unaandika pembeni: "Hapa pana nini?" Basi mimi huyu, bingwa wa kupiga mistari mwekundu kwenye maisha ya wenzangu, nilikaa miezi tisa nauza nyumba, wateja wanakuja na kuingia mitini mmoja baada ya mwingine, na sikuona kwamba hadithi isiyoshikana ilikuwa ya kwangu.

Nyumba yenyewe iko Kimara. Ukishuka kituo cha mwisho cha mwendokasi unachukua bodaboda, dakika kama saba hivi. Vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko la ndani, bati la msauzi, simtanki la lita 2,000, na mwembe mmoja mbele ya geti ambao tuliukuta. Msingi tulichimba 2014. Tukahamia 2017 bila plasta, madirisha tumeziba kwa mabanzi, usiku mbu wanaingia kama kwao. Mliojenga Dar mnanielewa. Tulikuwa na daftari moja la kaunta, kila mfuko wa saruji umeandikwa humo, kila tripu ya mchanga, kila fundi aliyekula hela akapotea. Mwandiko wake na mwandiko wangu, zamu kwa zamu.

Novemba 2022 tukakubaliana kuachana. Wenye hamu ya udaku mnisamehe: hakukuwa na nyumba ndogo, hakukuwa na kipigo, hakuna aliyemfumania mwenzake. Tulikuwa tumeisha tu. Tumekuwa kama wapangaji wawili wanaochangia LUKU, kila mtu anajua zamu yake ya kununua umeme na hakuna anayemuuliza mwenzake siku imekwendaje. Tukapanga kwa utulivu kabisa: tuuze nyumba, tugawane, kila mmoja aanze upya, mtoto asibadilishwe shule. Na jambo moja zaidi, ambalo lilikuwa wazo langu: tusimwambie mtu yeyote mpaka nyumba iuzwe. Si unajua tena ndugu zetu. Ukisema leo, kesho kuna kikao.

Kwa hiyo tukawa tunaishi humo humo. Mimi masta, yeye chumba cha wageni, mtoto tumemwambia baba anakoroma. Kila mteja aliyechomoa alituongezea mwezi mwingine wa maisha hayo. Naomba ulishike hilo, maana watu wakisikia "nyumba haiuziki" wanadhani ni habari ya hela peke yake.

Tuliweka bei milioni 120. Dalali tukamuahidi asilimia 5. Mteja wa kwanza alikuja Februari 2023 na mke wake, na shemeji aliyejitambulisha kuwa fundi. Huyo shemeji aligonga kuta zote kwa kidole, anasikiliza kama daktari. Akauliza kama tumo kwenye hifadhi ya barabara, swali ambalo mtu yeyote anayenunua upande wetu lazima aulize. Wengi bado wana kumbukumbu ya 2017, zile X nyekundu na nyumba zilizobomolewa kandokando ya Morogoro Road kuelekea Kibaha, ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Sisi tuko mbali na pale, na hati ipo, kwa jina la mume wangu. Tukaionesha. Mambo safi. Mke wa mteja akaanza hata kupima kwa macho makochi yake yatakaa wapi. Halafu, tunasindikizana getini, akaniuliza kirafiki tu:

"Dada, nyumba nzuri hivi, kwa nini mnauza?"

"Baba watoto kahamishiwa Dodoma," nikasema.

Mita tano kutoka hapo, chini ya mwembe, mume wangu alikuwa anamweleza shemeji kwamba tumepata kiwanja kikubwa Madale, tunataka kujenga ghorofa. Jumatatu simu haikupokelewa. Jumanne haikupokelewa. Mimi nikalilaumu bati.

Wa pili alikuwa kijana mstaarabu anayetegemea mkopo wa benki. Akatupa milioni 2 ya kuishikilia nyumba. Mthamini wa benki akaja na karatasi zake, akapita vyumba vyote, akaondoka. Thamani aliyoiandika ikawa chini ya bei yetu, kwa hiyo mkopo ukawa hautoshi, kijana akasema anaongezea kwingine, mara subiri mwisho wa mwezi, mara meneja yuko likizo. Mwezi wa tano akaomba milioni 2 zake. Zilishakuwa ada ya shule. Nilizirudisha kwa mkopo wa kikoba, na wenzangu wa kikoba wakaniuliza nakopa za nini, nikawadanganya na wao.

Katikati hapo, Aprili, alikuja mama mmoja na gari zuri siku mvua ya masika imeshuka tangu alfajiri. Alipoona mfereji wetu umegeuka mto, akageuza gari bila kushusha kioo. Huyo simlaumu.

Aliyeniuma ni wa nne. Mzee wa heshima, fedha taslimu, hana longolongo. Tulifika mpaka kwa mwanasheria. Na mwanasheria, kama inavyotakiwa, akasema hati ni ya jina la mume lakini nyumba ni ya ndoa, na kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakimruhusu mwenye jina kuiuza bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo mama naye atasaini. Mimi kusaini sikuwa na shida. Shida ni mzee. Alituuliza kila mtu kwa wakati wake, mume wangu wakiwa kwenye gari, mimi tukiwa tunanunua maji. Dodoma. Madale. Asubuhi ya siku ya kusaini akatuma ujumbe kwa dalali, hata sisi hakutuaga: "Waambie nashukuru, Mungu awabariki."

Nikalia, mwenzangu. Nililia nimekaa juu ya ndoo nje ya jiko, saa tatu usiku, ili mtoto asisikie. Sikuwa namlilia mzee. Nilikuwa najiona nitazeekea chumba kile, nasikiliza mtu akikohoa ng'ambo ya ukuta ambaye zamani ningemchemshia tangawizi.

Mtaani nako maneno yakaanza. Jirani mmoja akanishauri niite watu wa maombi, eti mwembe una mwenyewe. Mwingine akaniuliza kwa upole kama kuna mtu amezikwa uani. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alinisimamisha dukani akataka kujua kama nyumba ina kesi, maana watu wanamuuliza yeye. Na hapo ndipo dalali aliponiita pembeni. Mtu ambaye siku zote nilimwona wa kusukuma tu biashara.

"Dada yangu, nikwambie kitu hutakasirika?"

"Niambie."

"Wateja sio kwamba nyumba hawaipendi. Wanawaogopa ninyi. Bosi anasema Madale, wewe unasema Dodoma. Hapa mjini kila mtu ana ndugu yake aliyelizwa. Umelipa, umehamia, anatokea mwanamke na amri ya mahakama, anakwambia mimi ndiye mke. Unadhani kwa nini watu wanaandika ukutani 'Nyumba hii haiuzwi'? Sasa mteja akisikia stori mbili chini ya bati moja, anaondoka na hela yake."

Nikabaki nimeduwaa. Mstari mwekundu huo, tena umepigwa na mtu asiyejua hata mhariri anafanya kazi gani.

Usiku nikamwambia mume wangu. Kwanza tulifanya ujinga: tukakaa mezani kutunga stori moja ya pamoja. Nikachukua kalamu kabisa. Dodoma au Madale? Akasema Madale ina ghorofa, inapendeza zaidi. Nikasema Dodoma ina barua ya uhamisho, wataitaka. Tukaangaliana, tukaanza kucheka, kicheko kile cha mpaka machozi ambacho sikumbuki mara ya mwisho kilikuwa lini. Tulipotulia akasema, taratibu, "Si tuseme tu."

Kusema kwa wateja tulijua tutaweza. Lakini mteja akijua, dalali anajua, na dalali akijua, Kimara yote imejua, na Kimara ikijua, mama yangu Morogoro atapata kabla ya jua kuzama. Ilibidi nimpigie mimi. Nilizunguka na simu siku mbili. Nilipomwambia alinyamaza muda mrefu mpaka nikaangalia kama salio limeisha. Kisha akauliza:

"Mnakula meza moja?"

"Ndiyo mama."

"Anakuchukia?"

"Hapana."

"Basi pole, mwanangu. Mimi nilijua tangu ile Krismasi. Ulikuwa unamkaribisha chakula kama mgeni wa mtu mwingine."

Mwaka mzima naficha! Upande wa mume wangu haukuwa mwepesi hivyo. Kaka yake mkubwa alikuja na watu wawili, kikao kikakaliwa mpaka saa sita usiku, yakasemwa yaliyosemwa, na mengine sitayaandika hapa maana mtoto wetu ataanza kusoma magazeti si muda mrefu. Lakini walipoondoka walikuwa wanajua, na asubuhi yake niliamka nimelala usiku mzima.

Mteja wa tano alikuja Septemba. Mwalimu mstaafu, ameongozana na binti yake, amevaa miwani ya kamba. Alikagua polepole, akafungua kila bomba, akauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Kisha lile swali. Nikameza mate.

"Tunaachana, mama. Hatujagombana. Nyumba tumejenga wote na tumekubaliana kuuza. Mwenzangu yuko uani, muulize na yeye."

Akaenda kumuuliza! Nilisimama dirishani naangalia midomo yao. Akarudi, akavua miwani, akaifuta kwa kitenge.

"Na mtoto?"

"Anajua. Tumemwambia Jumapili iliyopita."

"Haya," akasema, "sasa mniambie bei ya mwisho."

Hapa nisikudanganye, mpenzi msomaji, ukadhani ukweli unalipa. Mwalimu alikuwa mfanyabiashara kuliko wote wanne. Alishajua kwamba sisi ni watu wenye haraka, akaitumia haraka yetu vizuri sana. Alianza na milioni 90, tukavutana wiki mbili, tukafunga milioni 98. Milioni 22 zimepungua hivi hivi, tunaziona. Mume wangu alinuna siku nzima. Mimi nilipiga hesabu nyingine kichwani, ya miezi, nikaona sawa.

Tulisaini Oktoba, mimi ridhaa yangu, yeye jina lake, shahidi mmoja upande wetu na binti wa mwalimu upande wao. Kilichobaki ni kodi, na ushauri wangu wa bure kwa anayejenga sasa hivi: usitupe risiti. Kodi ya mauzo ya nyumba kwa mkaazi ni asilimia 10 ya faida, siyo ya bei yote, kwa hiyo kila mfuko wa saruji unaoweza kuuthibitisha unakuokolea hela. Tulifunua lile daftari la kaunta pamoja na bahasha ya risiti, jioni mbili mfululizo. "Saruji mifuko 50, mama katoa." Huo ni mwandiko wake, Juni 2015. Nilikuwa nimesahau. "Fundi kala 80,000, asionekane tena hapa." Huo wangu.

Mwanasheria alituuliza tunagawanaje. Nilikuwa nimejiandaa kupambana, nimeshasoma mpaka kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu ya mwaka 1983, ambayo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za mke nyumbani nazo ni mchango katika mali. Maana daftari halikuandika wali niliowapikia mafundi miaka mitatu. Sikupata nafasi ya kuitaja. Mume wangu alisema, "Nusu kwa nusu, andika," akatoka nje kupokea simu.

Daftari aliomba abaki nalo yeye. Nikatoa nakala duka la pembeni, kurasa 64, yule kijana wa mashine akaniuliza kama ni la kampuni.

Sasa nimepanga Sinza, vyumba viwili, maji yanatoka kila siku. Mtoto anakwenda kwa baba yake Ijumaa, anarudi Jumapili na nguo chafu na habari nyingi. Baraza la usuluhishi tumeshapita, mahakamani bado tunakwenda. Na Januari 2024, niko ofisini na barua ya msomaji mkononi, ikaingia namba nisiyoijua. Alikuwa yule kijana wa mkopo wa benki.

"Dada, shikamoo. Mkopo umepita. Ile nyumba bado ipo?"