Kiberege: Tairi kwanza, ngao baadaye

Masika yakiingia Kiberege, milima ya Udzungwa hufunikwa na mawingu na udongo wa mashamba ya mpunga hunata kama ugali mbichi. Barabara kuu ya Ifakara ina nafuu yake. Kazi iko kwenye njia za vitongojini, mjamzito akishikwa na uchungu usiku na anatakiwa kufikishwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara.

Kwa hiyo mzazi mwenye gari la fowili, linalopeleka watoto shule asubuhi na kwenda shamba jioni, aanze na tairi. Ngao na taa za juu zisubiri. Fowili huzungusha magurudumu yote manne, lakini kashata zikiisha hayana cha kushika. Kisha anunue kamba imara ya kuvutia, chepe, na pampu ya kurudishia upepo uliopunguzwa kuvuka tope. Gari likivutwa, watoto wakae mbali kabisa. Kamba ikikatika hupiga kama mjeledi.

Pesa ikibaki, fundi akague mikanda ya siti za nyuma. Si ajabu kukuta gari lina keria mpya na mikanda mibovu. Tena keria hiyo ikijazwa magunia, gari hupinduka kirahisi.