Ndoana na Mlinzi wa Kiota

Uvuvi ni wa namna mbili. Wa kwanza hufanywa kwa njaa, na wa pili hufanywa kwa furaha. Mwenye njaa huingia majini kwa sababu watoto wake hawajala. Mwenye furaha huingia majini kwa sababu siku ni njema na upepo umetulia. Wote wawili huweza kurudi na samaki, lakini deni lao kwa samaki huyo si moja. Wa kwanza aweza kusema kuwa hakuwa na hiari. Wa pili hawezi kusema hivyo, maana hiari ndiyo iliyomtoa nyumbani. Tofauti hii ni nyepesi kutajwa na nzito kuchukuliwa, na pahali pazuri pa kuipima ni Ziwa Reelfoot, katika pembe ya kaskazini-magharibi ya jimbo la Tennessee, nchini Marekani.

Ziwa hili ni changa kwa umri. Tangu tarehe 16 Desemba 1811 mpaka tarehe 7 Februari 1812, nchi iliyo kando ya mto Mississippi ilitikiswa na mfululizo wa matetemeko makubwa ya ardhi. Pengine ardhi iliinuka, pengine ilididimia, na walioshuhudia walisimulia kwamba mto wenyewe ulirudi nyuma kwa muda. Msitu ulizama, maji yakakaa juu yake, miti mingi ikafa imesimama, na visiki vyake vingaliko chini ya maji. Kina cha ziwa kwa wastani hakifiki mita 2. Miti iitwayo saipresi, jamaa ya mberoshi, ambayo hupukutisha majani yake kila majira ya baridi, imesimama majini na mashina yake yamevimba. Waundaji wa vyombo wa huko walibuni mashua nyembamba ipitayo juu ya visiki bila ya kupasuka, na makasia yenye bawaba yamwezeshayo mpiga makasia kuelekea aendako. Mahali pengi mpiga makasia huipa kisogo safari yake. Reelfoot hawezi kufanya hivyo, kwa kuwa kisiki hakimngoji ageuke.

Kwa muda wa karibu miaka 100 watu wa kandokando ya ziwa walivua humo bila ya kumwuliza mtu ruhusa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni moja ilikusanya hati za ardhi iliyozama, ikadai kuwa ziwa ni mali yake, na wavuvi wakajiona wageni katika maji waliyokulia. Mwaka 1908 baadhi yao walifunika nyuso zao, wakapanda farasi usiku, wakachoma mali na kupiga watu. Tarehe 19 Oktoba mwaka ule waliwateka mawakili wawili waliohusika na kampuni. Mmoja, Quentin Rankin, aliuawa. Wa pili, Robert Taylor, alijitupa majini akaokoka. Gavana alipeleka askari, watu 6 walihukumiwa kifo, na mwaka 1909 mahakama ya juu ya jimbo iliitengua hukumu hiyo. Mwaka 1914 ziwa likawa mali ya jimbo kwa manufaa ya watu wote. Hivyo mtu ateremshaye mshipi wake katika Reelfoot leo huuteremsha katika maji yaliyowahi kugombewa kwa damu.

Samaki asifiwaye zaidi katika ziwa hili ni krapi. Yuko krapi mweusi, mwenye madoa yaliyotapakaa mwilini, na krapi mweupe, mwenye milia isimamayo wima ubavuni. Ni mpana wa ubavu na mwembamba wa unene, mfano wa sahani iliyosimamishwa kwa ukingo wake. Macho yake makubwa huona vema kilicho juu yake kuliko kilicho chini yake. Ngozi ya mdomo wake ni nyembamba hata wavuvi huifananisha na karatasi. Katika sifa hizi mbili imo karibu elimu yote ya kumvua: chambo sharti kipite juu ya macho yake, na mkono sharti uwe mwepesi. Avutaye kwa pupa hupasua mdomo wa samaki, akabaki na ndoana tupu.

Chambo chenyewe huitwa jigi. Ni ndoana yenye kichwa cha risasi kilichosubiwa juu yake, ambacho uzito wake aghalabu haufiki gramu 2. Kichwa hupakwa rangi, na shina la ndoana huvishwa uzi na manyoya laini yatikisikayo hata kwa mwendo mdogo wa maji. Jigi halina damu wala uhai, na pengine halina hata harufu. Uhai wake wote hutoka katika mkono wa mvuvi. Hufungwa kwa fundo lenye kitanzi kilicholegea, ili lining'inie limelala kama kisamaki, lisielekeze kichwa juu. Mvuvi mwenye ufito mrefu halitupi mbali. Huliteremsha wima kando ya kisiki, akalituliza, akalipandisha kidogo, akalituliza tena. Dalili ya kuliwa mara nyingi si mvuto, bali ni kutoweka kwa uzito: krapi huja kutoka chini, akalimeza jigi huku akipanda, na mshipi ukalegea ghafula. Asiyekuwa makini hudhani kuwa hakuna jambo lililotokea, kumbe ndilo hilo limetokea.

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili, wakati maji yalipoanza kupata joto na krapi kusogea kwenye kina kifupi ili watage, mzee mmoja wa kando ya ziwa aliingia katika mashua pamoja na mjukuu wake, mwanafunzi wa elimu ya viumbe katika chuo kikuu. Katika ujana wake mzee huyo aliishi kwa kuuza samaki wa Reelfoot. Katika uzee wake alivua kwa furaha. Namna mbili za uvuvi zilikuwa zimepita katika mtu mmoja.

Hawakungoja sana. Samaki wa kwanza alikuwa dume, na rangi yake ilikuwa nyeusi kama makaa kutoka kidevuni mpaka kifuani, kama madume wa krapi weusi wawavyo wakati wa kutaga. Mzee alimtazama, akamng'oa ndoana kwa vidole viwili, akamrudisha majini palepale kando ya kisiki. Akafanya hivyo kwa wa pili, na kwa wa tatu. Mjukuu hakuweza kunyamaza.

"Babu, mbona unawarudisha? Sheria haikukatazi kuwachukua."

"Najua, mjukuu wangu. Lakini huyu hakuja kula. Ana kiota hapo chini, na mayai yake yamo. Alikuja kulifukuza jigi letu."

"Samaki hawa huzaa kwa maelfu," akasema kijana. "Wingi wao hupanda na kushuka mwaka hata mwaka, na wataalamu husema maji na hali ya hewa ndivyo viamuavyo zaidi, si sisi wawili na fito zetu."

"Huenda wataalamu wakawa wakweli. Mimi sikusema kwamba ziwa litakwisha. Nimesema kwamba huyu yuko mlangoni pake."

Mashua ilisogea kwenye kina kirefu kidogo, na huko walipata samaki wasiokuwa weusi, wenye matumbo makubwa. Mzee akaanza kuwatia katika chombo cha maji. Kijana alimpasulia mmoja hoja, wala hakuwa na haja ya kisu.

"Hawa ni majike, babu. Matumbo yao yamejaa mayai ambayo bado hayajatagwa. Ikiwa unamhurumia baba alindaye, mbona humhurumii mama achukuaye?"

Mzee aliweka ufito wake magotini, akakaa kimya kwa muda mrefu. Hakuwa na jibu, na hakujifanya kuwa nalo. Mwishowe aliuliza, "Leo jioni tutakula wangapi nyumbani?" Kijana akahesabu: watu 4. "Basi samaki 8 watatosha," mzee akasema. Walipofika hesabu hiyo waligeuza mashua, ingawa jua lilikuwa bado halijafika utosini na krapi walikuwa wakila vizuri kuliko siku nyingi zilizopita.

Katika mashindano hayo ya maneno hapana shaka kwamba kijana alishinda kwa hoja. Huruma ya mzee ilikuwa na ufa, na elimu iliuona ufa huo. Lakini mzee naye alifanya jambo ambalo hoja peke yake isingelifanya: alipoona kuwa hawezi kuwa mwenye haki kamili, hakuitumia kasoro ya haki yake kuwa ruhusa ya kuchukua wote. Alikwenda kuazima kipimo kwa njaa. Mtu mwenye njaa hujua idadi ya midomo nyumbani kwake; mtu mwenye furaha hana idadi mpaka ajiwekee mwenyewe. Sheria humwekea mpaka wa mwisho asioruhusiwa kuuvuka, lakini haimwambii mahali pa kutosheka.

Liko fundisho jingine, nalo latoka kwa samaki mwenyewe. Krapi dume hufa kwa uaminifu wake. Chembe ya risasi iliyovikwa manyoya haiwezi kula yai hata moja, lakini yeye huiendea kwa ghadhabu ile ile ambayo angemwendea nayo mwizi wa kweli, na kwa ghadhabu hiyo huondolewa kiotani, na mayai yakabaki kwa wale aliokuwa akiyalinda nao. Watu waliofunika nyuso mwaka 1908 nao walikuwa na kiota cha kukilinda, na dai lao juu ya maji halikuwa la uongo. Lakini ulinzi wao ulipoteza macho. Ulimwua mtu, ukawaweka wavuvi mbele ya kitanzi, na ziwa halikuwa la watu kwa kifo kile. Lilikuja kuwa la watu miaka 6 baadaye, kwa mkono wa jimbo.

Kupenda mahali ni wema, na kukilinda kitu kipendwacho ni wema zaidi. Lakini mlinzi ana kazi mbili, na ya pili husahauliwa: kusimama mlangoni, na kumtambua ajaye. Asiyeiweza kazi ya pili huweza kuvuliwa kwa chambo kisichofika gramu 2.